Mkono kwa Mkono

Mtoto mdogo alisimama langoni mwa shule, mikono yote miwili imenyooshwa kama nguo iliyoanikwa kambani. Wa kushoto ulishikwa na msichana wa darasa la saba. Wa kulia ulikuwa umekwisha kushikwa na bibi yake, muuza mkaa, mwenye weusi usiotoka tena kuchani. Kwa kitambo kidogo mtoto alikuwa wa watu wawili. Kisha bibi akatamka, "Nimempokea," na msichana akaachia.

Hivyo ndivyo shule ile ilivyowarudisha watoto wa darasa la kwanza kwao. Mwaka ulipoanza, kila mwanafunzi wa darasa la saba alikabidhiwa mmoja wa kumlea: amfunge kamba za viatu, amsimamie akinawa, amfikishe langoni. Huachii mkono mpaka mtu wake ameushika wa pili na kutamka kwamba amempokea. Atakayeachia kabla ya hapo, kambi ya mwisho wa mwaka ataisikia kwa wenzake.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha kinyozi, mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni alikuwa akichungulia. Alikuwa fundi cherehani, na msichana yule alikuwa mwanawe wa pekee. Hakuwa na shughuli yoyote mtaa huo. Ila kila ilipokaribia saa ya kutoka shule, moyo ulimwenda mbio, akaiacha nguo ya mteja chini ya sindano, akaja kujibanza pale ahakikishe tu kwamba binti yake angali mzima.

"Fundi, leo tena?" kinyozi alimtania. "Nikupe kiti, au nikunyoe kabisa?"

"Napita tu, jirani."

"Unapita tangu mwaka uanze. Hiyo njia yako haifiki?"

Fundi alicheka kwa adabu, macho yasibanduke langoni. Angemwelezaje? Mwaka ule ulikuwa ukimchukulia mwanawe kidogo kidogo, na hakuwa na mtu wa kumshtaki. Darasa la saba walipanda miche nyuma ya jiko la shule, na binti akarudi na malengelenge aliyokataa kupakwa dawa. Walifanya mdahalo, akarudi na maneno ya kubishana. Walicheza mchezo wa kuigiza ambamo alikuwa hakimu, akahukumu kwa sauti nzito, tulivu, ambayo mama yake, aliyekaa kiti cha nyuma, alikuwa hajawahi kuisikia nyumbani.

"Mama, sketi imepanda," alilalamika siku moja. "Nikunjulie upindo."

"Inakutosha. Wewe ndiye unayeivuta juu."

Fundi aliyeweza kukadiria kiuno cha mteja kwa jicho tu, kwa mwanawe alidanganya kipimo. Hata binti alipovunja ungo, hakumwambia. Alikwisha kufundishwa shuleni, akajihudumia kimya kimya. Fundi aligundua tu kwamba vitambaa vyake vya akiba vimepungua kabatini, na vichache vilivyosalia vimekatwa na kupindwa kwa mshono ulionyooka sawasawa. Alisimama navyo mkononi, asijue kama afurahi au alie.

Kuhusu kambi, siku kadhaa mlimani katika mahema, alijibu neno moja kila alipoulizwa: "Tutaona." Binti alilijua neno hilo. Alikuwa ameshakataliwa mambo mengi kwalo.

Mchana mmoja wingu lilijikusanya jeusi, upepo ukaanza kupekua mabati. Kati ya shule na nyumbani palikuwa na mto, na daraja la mbao lisiloaminika mvua ikinyesha. Siku hiyo fundi hakujibanza. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka langoni, alikosimama mwanawe na yule mtoto, ambaye kwa udogo wake darasa zima lilimwita Punje.

"Twende, mvua hiyo."

"Bibi yake bado, mama."

"Mlinzi si yupo? Mwachie mlinzi."

"Mlinzi si mtu wake. Siwezi kuachia."

"Nimesema twende! Mtoto wa watu ndiye atakayeniulia mwanangu mtoni?"

Fundi akainama, akavibandua vidole vya binti yake kutoka katika kiganja cha Punje, kimoja baada ya kingine, kama mtu afumuaye mshono. "Baba, mtazame huyu!" alimpigia kelele mlinzi, aliyekuwa akipambana na bati la kibanda chake. Mlinzi aliitikia bila kugeuka. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa makubwa.

Nyumbani, binti alikaa kando ya cherehani akichuruzika maji, akalikataa taulo.

"Hakutamka," alisema.

"Nani?"

"Mlinzi. Hakusema nimempokea."

Mvua haijakatika vizuri, muuza mkaa akatokea mlangoni, khanga imemganda mwilini, pumzi hana. "Mwanangu, mjukuu wangu yuko kwenu? Mlinzi anasema alidhani mmeondoka naye."

Damu ilimhama fundi usoni. Binti alikuwa amekwisha kutoka mbio, na wanawake wawili wakamfuata katika matope, mawazo ya fundi yakimtangulia darajani. Walipolifikia, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakipita juu ya mbao za chini, yamebeba matawi, yamebeba kandambili moja. Fundi aliitazama kandambili ile mpaka ilipopotea. Ilikuwa kubwa mno, ya mtu mzima.

"Msimtafute huko!" binti alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Punje hatoki langoni bila mkono. Hajui kutoka!"

Walivuka wameshikana, wakamkuta katika chumba cha darasa la saba, chini ya dawati la binti. Kwa mkono mmoja alikuwa ameng'ang'ania mguu wa dawati. Ule wa pili aliunyoosha hewani, unangoja. Bibi akaushika, akamvuta, mtoto hakuja. Akamvuta tena.

"Tamka, bibi," binti alinong'ona.

"Nimempokea," bibi alisema, na machozi yakamtoka. Hapo ndipo Punje alipouachia mguu wa dawati.

Usiku ule fundi hakupata usingizi. Asubuhi alikwenda shuleni kuomba radhi, akasimama nje ya mlango wa mwalimu wa darasa la saba, mwanamume aliyening'iniza filimbi shingoni hata akiwa ofisini. Sauti ya binti yake ilikuwa ikitoka ndani, nzito na tulivu, ile ile ya hakimu.

"Niliachia, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Niliachia tu."

"Basi sharti unalijua. Kambi huendi."

"Najua."

Fundi alibaki na mkono kwenye kitasa. Akirudi nyumbani sasa hivi, hakuna atakayejua. Mlima utabaki huko uliko, na mwanawe atalala chini ya bati lao, karibu kiasi cha kusikika akipumua. Kila alichokiombea kilikuwa kimeletwa mlangoni, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Akaukumbuka mkono wa Punje ulionyooshwa hewani.

Akakizungusha kitasa.

"Mwalimu, samahani. Hakuachia. Ni mimi niliyembandua vidole. Nilikuwa naogopa."

Mwalimu aliiweka kalamu chini. "Ulikuwa unaogopa nini, mama?"

Fundi aliizungusha tepu yake kidoleni. Binti hakuinua uso, lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Mwisho wa mwaka basi la kambi lilisimama langoni saa ya kutoka shule. Sketi ya binti ilikuwa imekunjuliwa upindo wote. Mstari wa zamani ulionekana bado, uliopauka, juu kidogo ya magoti. Mgongoni alibeba mfuko wa kulalia ambao mama yake alikesha akiushona. Alikuja akimwongoza Punje.

"Bibi yake atachelewa leo. Mpokee wewe, mama."

Fundi aliushika mkono mdogo uliokuwa wazi. Ulikuwa na unyevu, umenata utomvu wa miche. Filimbi ikalia. Wenzake walikwisha kupanda; mmoja alitoa kichwa dirishani, "Hakimu, tunakuacha!" Lakini binti hakuachia.

"Mama."

"Nini tena?"

"Hujatamka."

Fundi alifungua kinywa. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa sasa akimtazama macho kwa macho bila kuinua shingo. Tangu lini?

"Nimempokea," alisema.

Vidole vikaachia. Mlango wa basi ukajifunga, vumbi likainuka, likatulia. Ng'ambo, kinyozi alitoa kiti nje, akakipangusa kwa taulo, akakiweka kivulini.

"Mama wa dada," Punje aliita, "bibi akija, usiachie mpaka aseme."

"Siachii."

Walisubiri. Mkono mmoja wa fundi ulikuwa umefumbata kiganja cha mtoto. Ule wa pili, bila yeye kujua, ulikuwa ungali umenyooka kidogo kuelekea barabarani.