Kutoka Kitandani Hadi Mlangoni

Chumba cha Godwin hakikuwa chumba, kilikuwa ghala. Ukitaka kukaa, ilibidi kitu kihame, na hicho kitu nacho hakina pa kwenda mpaka kingine kihame. Kulikuwa na kochi la watu watatu ambalo hakuna mtu aliyewahi kulikalia, maana nguo zilishaliwahi. Kulikuwa na sabufa, zulia juu ya zulia, kabati lisilofungika, na viatu vya kwendea kila mahali isipokuwa darasani.

"Karibu, Jumaa. Ruka hapo kwenye waya."

"Kuruka naweza. Nitatua wapi?"

Mimi nilipanga mlango wa pili, nyumba hiyohiyo ya Bi Kuruthumu, jirani na chuo chetu hapa Tukuyu. Kwangu palikuwa na godoro sakafuni, kiti, ndoo, jiko, vitabu na nguo za kuvaa na kufua. Msinisifu. Mtu akishatolewa kwenye vyumba vya watu mara kadhaa, godoro kichwani na mvua ya Tukuyu mgongoni, anajua mwenyewe kipi ni cha lazima na kipi kitabaki njiani. Godwin aliniita sufii. Nami nilimwambia panya wa kwake wanatembea na ramani.

Basi mwezi wa nne baba yake, mzee Andongwisye, akaletwa kutoka Ikuti kufanyiwa upasuaji wa jicho. La kushoto lilishazimika miaka mingi. Lililobaki ni la kulia, na hilo ndilo lililokuwa na mtoto wa jicho. Upasuaji ukaenda salama. Daktari akafunga bandeji, akatuambia sisi wawili kama anayetukabidhi yai: mzee asiiname, asijigonge, asianguke, mpaka amwone tena. Akianguka, jicho linaweza kupotea. Kurudi Ikuti kwa bodaboda kwenye tope lile ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo akaja kwa mwanawe.

Godwin alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Hatua ya pili tu ndani ya chumba, mguu wa mzee ukanasa kwenye waya wa sabufa. Akaenda mbele kama mti uliokatwa. Tulimdaka paji la uso likiwa karibu kabisa na pembe ya kabati.

Mvua tu kwenye bati.

"Godwin," mzee akasema taratibu, "unaishi na watu wangapi humu?"

"Peke yangu, tata."

"Mbona pamejaa?"

Siku nyingine ningecheka. Lakini Godwin alikuwa bado amekinga paji la baba yake kwa kiganja. Tukampeleka mzee kwangu, tukamkalisha kwenye kiti. Angelala hukohuko, ila godoro la sakafuni halimfai mtu aliyekatazwa kuinama. Kitanda kilikuwa kwa Godwin.

Godwin akaanza ujanja. Kochi akalisimamisha wima, viatu juu ya kochi, sabufa juu ya viatu.

"Unajenga ghorofa?" nikamuuliza. "Hiyo sabufa ikishuka, itamshukia nani?"

Akatazama juu. Akatazama kitanda.

"Vitoe, Jumaa."

"Vipi?"

"Vyote. Abaki na kitanda, kiti na ndoo."

Tukaanza kubeba kwenda stoo ya Bi Kuruthumu nyuma ya nyumba. Yeye alisimama mlangoni, kanga kichwani, anahesabu safari zetu kwa kuguna. "Wanangu, mnahama au mnafungua duka?" Nyuma ya kabati tukakuta viatu vilivyoota ukungu wa kijani, na kalkuleta ambayo muhula mzima niliambiwa nimeiiba mimi. Niliinyanyua juu kama kombe la ligi.

"Omba radhi mbele ya Bi Kuruthumu."

"Samahani, ndugu yangu."

"Sauti haijafika jikoni!"

Tulipofika chini kabisa ya nguo za kwenye kochi, Godwin akatoa mfuko uliofungwa kwa kamba ya mgomba, fundo lake bado halijaguswa. Akaufungua. Sweta la bluu, la kufuma kwa mkono.

"La mama," akasema. "Alilituma mwaka jana. Nililiweka hapo nikasema nitalifungua kesho."

Kwa baridi ile, akalivaa palepale, akainama kubeba zulia.

Mzee akajifunza chumba kwa viganja. Kitanda, kiti mkono wa kulia, kisha moja kwa moja mlangoni. "Ndoo msiisogeze," alituonya, "tumeshazoeana." Kitu kikitumika, kinarudi kilipotoka. Sahani iliyoliwa ndizi inaoshwa saa hiyohiyo, kwa kuwa hakuna nyingine ya kuchafua. Nguo zilibaki chache, zikawa zinakauka karibu na jiko langu bila kunuka uvundo. Sabufa ilipoondoka, na wageni waliokuwa wakija kuisikiliza wakaondoka.

"Nisomee," mzee akawa anasema. "Macho yangu yako likizo."

Godwin akasoma madaftari yake ya chuo, kisha akamfafanulia kwa Kinyakyusa. Mzee akisinzia na kuzinduka, anauliza ikawaje, kana kwamba mzunguko wa damu ni hadithi ya sungura. Godwin anarudia. Mtihani ulipokuja, mimi niliyesikiliza kupitia ukutani nilifaulu vizuri, yeye alinipita. Sijamsamehe.

Na kila kitu mzee alikishukuru. Chai, *ndaga fijo*. Kushikwa mkono kwenda uani, *ndaga fijo*. Hata mvua aliishukuru kwa kunyesha nje tu.

Siku ya kufunguliwa, Godwin alinibana bega mpaka nikaona nyota. Muuguzi akaondoa bandeji. Mzee akapepesa, akapepesa tena. Akanyoosha mkono bila kupapasa, akamshika mwanawe mkono wa sweta.

Tuliporudi alisimama kizingitini. "Kumbe kikubwa hivi," akasema.

Bi Kuruthumu akaja. "Haya, Godwin, mzee anaona. Njoo uondoe mali yako stoo kwangu."

"Nitachukua birika, Bi. Mengine mgawie anayehamia."

"Sufii wa pili huyo," nikasema.

"Nyamaza, mwizi wa kalkuleta."

Mzee alikuwa ameshafika kitini, peke yake. Akaomba simu.

"Mama Godwin? Eee. Tulia kwanza, usilie. Lile sweta ulilokuwa unaniulizia kila tukitoka kanisani..." Akamtazama mwanawe, juu mpaka chini, bila haraka. "Limemtosha. Hapana, sijaambiwa na mtu. Nimeliona mwenyewe."