Chandarua cha Punda

Punda wa Mama Gasper alijikuna kwenye kona ya nyumba mpaka matofali yakaanza kulika, na shingo yake ikalika pamoja nayo. Siku niliyoitwa kumwona, manyoya ya shingoni yalikuwa yamebaki mabaka mabaka, shina la mkia lilikuwa kidonda kibichi, na inzi walishahamia. Majirani walisema ni upele, utawarukia mbuzi wao. Mama Gasper, ambaye jina lake la ubatizo ni Maximilla, hakuwa na maneno mengi. Mvua zikiisha bila kidonda kukauka, alisema, kuna mnunuzi anayepita akielekea Kakonko, atamchukua, na atakachomfanyia huko mbele yeye asiambiwe.

Punda huyo ndiye aliyemlisha tangu mumewe afariki. Alipandisha maji kutoka chemchemi ya bondeni hadi nyumba za walimu juu ya kilima, na wakati wa mavuno alibeba mahindi ya nusu ya kitongoji. Kidonda pale kamba ya mzigo inapopita maana yake hakuna mzigo.

Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu nipangiwe Kibondo kama afisa mifugo. Nyumbani kwetu ni Makere, kule Kasulu, na kutoka chuoni nilikuja moja kwa moja kijijini hapo. Nilimweleza Mama Gasper kwamba huu si upele na hauambukizi. Ni visubi, vile vijidudu ambavyo huvioni mpaka vikuume. Mvua zikianza huzaliwa kwenye matope ya bondeni, na hutoka jua likikaribia kuzama na tena alfajiri. Mate yao ndiyo yanayowasha. Punda wengine hawajali, ila wapo wachache, kama huyu, ambao mwili wao unayakataa kabisa, nao hujikuna mpaka damu. Ukitibu kidonda ukamwacha kisubi, unachota maji kwa pakacha.

Tukaanza. Asubuhi namwosha kwa maji ya baridi na sabuni ya mche, polepole, maana alikuwa analaza masikio nyuma kila nikimgusa. Nikimaliza nampaka mawese niliyochemsha na majani ya mwarobaini, kwa sababu kisubi hapendi kutua kwenye mafuta. Jioni tulimhamisha kutoka upande wa bondeni, tukamfunga juu kwenye upepo, pembeni ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Alipata nafuu, lakini mawese yalikuwa yakikauka kabla ya mapambazuko, na kila asubuhi nilikuta amejichubua upya. Banda Mama Gasper hakuwa nalo.

Wazo la chandarua lilikuwa la Mwatumu.

Mwatumu alikuwa nesi wa zahanati, mwenyeji wa Pangani. Tuliishi nyumba moja ya watumishi, tukipika jiko moja. Dukani, ofisini, kanisani hata, ingawa yeye ni Mwislamu, mahali sauti yangu ilipogoma yeye ndiye aliyenisemea, na nilikuwa nimezoea kumwachia. Jioni moja alirudi na vyandarua vilivyochanika ambavyo kina mama walikuwa wamevirudisha walipopewa vipya. Alisema vitachomwa moto tu. Matundu yake ni makubwa kwa kisubi, nilimwambia, lakini tukivikunja mara mbili, na dawa iliyobaki kwenye nyuzi, huenda vikafaa.

Tulivishona kwa mkono, kisha tukaenda kwa Mama Gasper kupima. Mama Gasper alishika kichwa cha punda, mimi nikashika mkia, na Mwatumu akazunguka na pini mdomoni akibana huku na kule, tumboni, kifuani, hadi nyuma ya masikio.

"Shoga, huyu kakosa hina tu," alisema.

Mama Gasper alicheka hadi akakaa chini. Kufika kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinamwita punda Bibi Harusi.

Kabla ya Krismasi kidonda cha mkia kilikuwa kimefunga. Shingoni yaliota manyoya mapya, mafupi na laini kama ya ndama wa jana, na Mama Gasper akaanza kumpandisha tena na madumu mawili, kisha manne. Habari za mnunuzi hakuzitaja tena.

Januari wakaja watu wa afya kutoka wilayani. Walikuwa wamekuta vyandarua kwenye bustani za mchicha na mabanda ya kuku, wakaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Siku hiyo palikuwa na mawingu tangu alfajiri, visubi havikurudi bondeni, na Mama Gasper hakuwa amemvua punda wake chandarua. Alimfunga kwenye goli la mpira, akaja kukaa na wenzake. Kwa hiyo yule mgeni wa wilayani alipokuwa anaeleza kwamba chandarua ni kwa ajili ya mama mjamzito na mtoto, Bibi Harusi alikuwa amesimama nyuma yake na shela lake, anatafuna. Watu waliangua kicheko. Mgeni akageuka.

Ildefonce, mtendaji wa kijiji, ndiye aliyeuliza hicho chandarua kimetoka wapi. Mama Gasper alijibu kwamba ni mambo ya afisa mifugo. Nikasimama.

"Wewe ni Esteri nani?" Ildefonce aliuliza, kana kwamba hakuwa ananiona ofisini kwake kila Jumatatu.

"Esteri Ndayisenga."

"Basi kimetoka Nduta hicho," mtu mmoja alisema kutoka nyuma. "Hawa hawaishi kuuza vitu vya msaada."

Wakacheka tena, lakini hicho hakikuwa kicheko cha punda. Babu yangu alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Baba yangu alipewa uraia, na mimi nimezaliwa Kasulu, nimesoma Kasulu. Kambi ya wakimbizi ya Nduta nimeiona nikipita barabarani tu.

Nilimtazama Mwatumu. Alikuwa mbele, kwenye viti vya watu wa afya, amevaa sare. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nasubiri tu asimame kama siku zote.

"Nesi," Ildefonce alimwita, "hivi ni vya zahanati?"

Alisimama kweli. Alinyoosha sare yake magotini.

"Vya zahanati havitoki. Aliwahi kuniomba, nikamkatalia. Alikovipata sijui."

Akakaa. Nikamtafuta Mama Gasper kwa macho, yeye aliyeshika kichwa cha punda huku Mwatumu akibana pini. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Nilisema kwamba vilikuwa vimechanika. Hilo tu ndilo lililotoka, na sidhani kama lilifika safu ya pili. Ildefonce alitangaza kwamba habari zangu zitapelekwa kwa mkuu wangu wa kazi, akamtuma mgambo avue kile chandarua. Mgambo hakutaka kuhangaika na mishono. Alikipasua kwa panga kuanzia shingoni hadi mkiani, punda akasimama kimya kama alivyosimama siku ya kupimwa.

Nyumbani nilimkuta Mwatumu anapika dagaa. Hakujificha wala hakulia. Alisema bado yuko kwenye muda wa majaribio, neno moja tu angerudishwa kwao, na kwao wanakula mshahara huohuo.

"Wewe wa huku, shoga. Watakusahau wiki ijayo."

"Wa huku wapi?" niliuliza. "Ulisikia walivyosema."

"Maneno ya watu yale. Mimi sikuyasema."

"Hukuyazuia."

Alikoroga chungu kwa muda, akaonja chumvi, kisha akapakua sahani mbili kama kawaida yetu, yangu ikiwa na dagaa wengi zaidi. Nilichukua kopo la mawese nikatoka.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa Mama Gasper. Punda alishaanza. Alikuwa ameegemeza shingo kwenye ile kona ya tofali, anapanda na kushuka, macho nusu yamefumbwa, na yale manyoya mapya yalikuwa yameshikamana ukutani. Mama Gasper alitoka ndani akasimama mlangoni.

"Mkwe wangu tumbo limeshashuka, siku yoyote atajifungua," alisema. "Nesi hapa ni mmoja. Ningesema nini, mwanangu?"

Kila neno lake lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma vile. Mwatumu ningeweza kumkasirikia.

"Ungesema ulichokiona."

Alitabasamu, akanisogelea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe hutanichukia. Wewe una moyo."

Nilijua kwamba hata pale mkutanoni, alipokuwa anatazama vidole vyake, alikuwa anategemea hilo. Wote wawili walilitegemea. Nilitoa mkono wangu.

"Mama Gasper, punda analala jikoni kuanzia leo. Anaingia kabla ya jua kuzama, anatoka likishapanda. Mpaka mvua ziishe."

Alicheka kidogo, akingoja na mimi nicheke. Jiko lake ni kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, kimejaa masizi, hakina dirisha.

"Na mimi nitapikia wapi?"

"Nje."

"Punda alale jikoni kwangu? Watu watasemaje?"

Nilimfungua punda. Nilitoa vyungu kimoja kimoja nikavipanga uani, nikamwingiza, akainamisha kichwa mlangoni bila kuvutwa. Mle gizani kwenye harufu ya moshi nilimpaka mawese shingoni na kwenye shina la mkia, taratibu, mpaka ngozi yake ikaacha kuchezacheza. Nikafunga mlango wa bati, nikaziba chini kwa gunia.

Uani Mama Gasper alikuwa amepanga mafiga upya na kuwasha moto, lakini upepo ulikuwa umetulia na moshi ulikuwa unaenda upande mwingine. Visubi vilikuwa vimepanda kutoka bondeni. Alijipiga shingoni, akajipiga nyuma ya sikio, akajikuna mkono kwa mwiko, akaendelea kusonga ugali.

"Kesho utakuja kumwona?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nitakuja kumwona punda."

Kwenye kopo yalikuwa yamebaki mawese ya kumtosha mtu shingo na mikono. Nililifunga, nikaliweka kwenye mkoba, nikashika njia.