Programu Isiyowashwa

Rebeka hakuwa mtu wa kutulia kitini. Programu yoyote iliyomfika mkononi aliiwasha kwanza, akaona inafanya nini, ndipo akaisoma. Hii ilimnyima nafasi hiyo.

Ilikuwa ya kliniki moja ya watoto huko Sengerema, ya kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo kwa ujumbe wa simu. Orwa, aliyeiandika, alikuwa amefariki bila kuacha maelezo yoyote. Wiki iliyopita mama mmoja, Kija, alipokea ujumbe wa kumtaka ampeleke mwanawe Suzana kliniki. Suzana alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma. Muuguzi aliizima programu siku hiyohiyo, na mafaili yake yakaletwa ofisini kwa kina Rebeka, Mkuyuni, ng'ambo ya ziwa.

Chenge, mkuu wake, alimshauri aiwashe dakika moja tu. Rebeka akakataa. Rekodi za kliniki zilikuwa seti moja tu, na programu ilizibadilisha kila ilipowaka. Isitoshe, mistari ya mwanzo ilionyesha kwamba faili likifunguliwa na kompyuta tu, ujumbe unaanza kwenda.

Basi akaandika programu yake ndogo. Hiyo iliyachukua mafaili ya Orwa kama maandishi matupu, ikayachambua kama mwalimu anavyochambua sentensi ubaoni, ikaorodhesha kila klasi, yaani kila fungu linaloiambia kompyuta kitu fulani ni nini na kinafanya nini. Pembeni iliandika klasi hiyo imerithi sifa kutoka klasi ipi, na kazi zake.

Orodha ya kwanza ilikuwa fupi mno. Rebeka alisimama, akaenda mlangoni, akatazama bodaboda, akarudi bila kujua alichokitazama. Kumbe Orwa aliandika klasi nyingine ndani ya klasi, na programu yake ilikuwa ikiziruka. Rebeka aliirekebisha, akapata klasi themanini na tatu, akazichapa, akawa anazisoma huku akiizunguka meza mpaka Chenge akahama chumba.

Kabla ya saa saba mchana aliliona kosa. Klasi ya mtoto aliyefariki ilirithi kutoka klasi ya mtoto, pamoja na kazi zake zote, na mojawapo ni kukumbusha. Orwa hakuwahi kuizuia.

Chenge akasema dawa ni rahisi: waliofariki wafutwe kabisa kwenye rekodi. Jambo hilo halikumkaa Rebeka moyoni. Kesho yake alivuka kwa kivuko cha Kamanga, na muuguzi akamkutanisha na Kija.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Rebeka alimwomba radhi, akamweleza kosa lilivyotokea, na kwamba wanafikiria kuyaondoa majina. Kija alikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

“Msimfute,” alisema. “Hapo ndipo mahali pekee jina lake lilipoandikwa. Mwacheni, ila msiniite tena.”

Rebeka aliporudi aliitenga klasi ya waliofariki na ile ya mtoto, akaipa jina na tarehe tu, bila kazi ya kuita mtu. Safari hii aliiwasha programu, kwanza kwa majina ya kubuni. Jumatatu kliniki ikaiwasha kwa majina ya kweli. Muuguzi alipiga simu kusema ujumbe arobaini na mmoja umekwenda, wote kwa akina mama wa watoto walio hai, na Suzana bado yumo kwenye rekodi.

Rebeka alishukuru, akakata simu, kisha akamwomba muuguzi kwa ujumbe ahakiki mara nyingine kwamba miongoni mwa yale majina hakuna aliyefariki.