Jogoo wa Mama Marieta

Mume wangu Lameck alinunua majani ya bustani mjini, akayapanda mbele ya nyumba yetu hapa Nambis. Yakapendeza kama ya hotelini. Hata mwanetu Loveness akakatazwa kutambaa juu yake.

Jana asubuhi kuku wa jirani, Mama Marieta, wakaingia wakaanza kuyafukua. Lameck akarusha jiwe. Jogoo akakimbia akichechemea, na Mama Marieta akafoka kutoka kwake: "Hayo majani utakula wewe na mke wako!"

Mama Marieta ndiye anayenishikia mtoto nikienda masomo ya jioni, na mtihani ulikuwa kesho yake.

"Nenda kamwombe radhi," nikamwambia Lameck.

"Nimwombe radhi jogoo?"

"Mwenye jogoo. Na uende na majani mabichi mkononi, kama watu. Si unao uwanja mzima?"

Kwetu anayetafuta amani haendi mikono mitupu. Hushika majani mabichi. Lameck akainama kuchuma. Mh! Yalikuwa ya manjano. Alipovuta kidogo, yakanyanyuka kama mkeka, hayana mizizi. Chini yake funza weupe, wanene, wamejikunja.

"Baba Loveness," nikasema, "si watoto wa wale mbawakawa wanaong'aa? Hapa hatukuwajua mpaka ulipoleta majani yako."

Akatazama funza, akatazama kwa jirani. "Kumbe kuku walikuwa kibaruani."

"Na wewe ukawalipa jiwe."

Akachuma majani mabichi kule kwenye mfereji, akajaza funza kwenye sufuria kuukuu. Nikamfuata, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama," akasema, ameinama, majani mbele.

Mama Marieta akayapokea. "Marahaba. Na hiyo sufuria?"

"Ya jogoo, mama. Nimemkosea na yeye."

Jogoo akaja kwa mguu mmoja na nusu, akadonoa, akaita wake zake wote. Mama Marieta akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Huyu naye keshakusamehe! Mama Loveness, kesho unaingia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama."

"Mlete mtoto mapema, ashibe kwanza."

Sasa ni jioni ya mtihani. Nikigeuka njiani naona Lameck ameshika jembe, kuku wamemzunguka, na Loveness anatambaa katikati ya bustani iliyofukuliwa, anakaa, anapiga makofi.

"Na pale kwenye kona, Lameck!" anapaza sauti Mama Marieta. "Jogoo hajafika pale!"