Herufi za Udongo

Benchi la wasomaji lilikuwa la watoto, na magoti ya Raheli yalikaribia kugusa kidevu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anakaa hapo kwenye baraza ya misheni kusubiri mtihani wa kusoma. Asiyejua kusoma hapewi kipaimara, na asiye na kipaimara hafungi ndoa kanisani. Mchumba wake Naftali, kibarua wa reli kule Manyoni, alikuwa tayari kungoja. Baba wa Naftali ndiye aliyechoka. Safari hii mzee alisema waziwazi: Raheli akishindwa tena, ng'ombe wa mahari watarudi zizini na kijana atatafutiwa mwingine.

Mjinga hakuwa. Katekisimu aliimaliza yote kwa kichwa bila kukwama, na hao watoto waliomcheka ndiye aliyewafundisha. Tatizo lilikuwa kitabu. Herufi hazikutulia: b iligeuka d huku anaiangalia, mstari ukapotea, kichwa kikamuuma. Mwalimu Melkiori alimchapa viganja, akamwita mvivu, mwisho akachoka hata kumchapa.

Mama yake, Klara, alikuwa mfinyanzi. "Mwanangu," alimwambia, "mbona mikono yako haikosei?" Wakafinyanga herufi zote, wakazichoma pamoja na vyungu. Vidoleni b ilibaki b. Tumbo lake lilikuwa upande mmoja na halikuhama.

Siku ya mtihani alikuja na kikapu cha herufi zake, akakipakata. Bwana wa misheni, Mzungu, akamfungulia kitabu. Raheli alitazama herufi, akatafuta mwenzake kikapuni, akaipapasa, akaitamka. Polepole mno, lakini neno likatoka, na jingine, na mstari mzima. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Anafanya nini huyu?" Bwana alimuuliza mwalimu.

"Anapapasa, Bwana."

"Watu husoma kwa macho."

"Naomba nimalize, Bwana," Raheli alisema. "Nasoma kweli."

"Mwambie aweke kikapu mezani."

Mwalimu Melkiori akamwambia, kana kwamba Raheli hakusikia. Kikapu kikaenda mezani. Raheli akainamia ukurasa, na herufi zikaanza vituko vyake. Alizikodolea macho mpaka jasho likamtoka. Hakutamka kitu.

"Ajaribu mwakani," Bwana alisema, kisha akaokota herufi moja kikapuni, akaigeuzageuza. "Kazi nzuri sana hii! Nani amefanya?"

Mwalimu akamwita mtoto aliyefuata. Kikapu hakikurudi kwa Raheli.

Ng'ombe waliondoka kabla ya mvua. Naftali alikuja kuwaswaga mwenyewe, akamwamkia Klara shikamoo, na hakumtazama Raheli usoni.

Kiangazi kilichofuata serikali ilifanya maonyesho Manyoni, na Raheli alikwenda na mama yake kuuza vyungu. Katika banda la misheni alizikuta herufi zake. Zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, na utepe mwekundu wa zawadi ya kwanza ya kazi za mikono pembeni yake. Zawadi yenyewe ilipewa misheni.

Alinyoosha mkono kuitafuta b yake. Fimbo ya askari ikamgonga vidole.

"We dada, huoni kibao?"

"Kinasemaje?"

"Kimeandikwa usiguse."

Raheli alikitazama kibao. Maandishi yalikuwa yanahamahama. Akaficha mikono ndani ya kaniki, akarudi kwenye vyungu.