Mkono wa Chuoni

Tone la maji lilidondoka ndooni, gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Zuwena alilala ubavu wa kulia, sikio la upande huo likafunikwa na mto, na tone likapotea. Akageuka, likarudi. Hakuliwaza sana, jana alishaambiwa yu mzima.

Jana alikuwa Dar, hospitalini, kupimwa masikio, kwenye kijumba kisichopenywa na sauti, hedifoni zimembana kichwa. Mpimaji, Bwana Mikdad, alimweleza kwa upole: sauti ikianza, anyooshe mkono, ikiisha, aushushe, hata ikiisha upesi. Maana sauti ikimfia mtu sikioni, nayo mashine bado inaipiga, huenda kuna uvimbe kwenye mshipa wa kusikia. Hapo si pa kuchelewa, ni kupigwa picha ya kichwa.

Sikio la kulia, sauti ilipokuzwa, alikunja uso kwa ukali wake. La kushoto, ikuzwe isikuzwe, ilikuwa kama mtu anayesemea nyuma ya ukuta. Kisha ikafifia, ikakata.

Zuwena hakushusha mkono. Utotoni, chuoni kwa Bi Mwanajuma walikosomea Kurani, walifunzwa kwa bakora: mkono ulionyooshwa haushuki mpaka mwalimu aruhusu. Na Bwana Mikdad alikuwa akimtazama tu nyuma ya kioo, hajaruhusu. Tena, tuseme kweli, moyo wake haukutaka kuushusha. Mwanawe Adila ana miaka sita tu.

"Mshipa wako uko imara, dada," Bwana Mikdad alimwambia mwishowe. "Sauti haikukufia hata kidogo. Tuonane mwakani."

Akarudi Bagamoyo anatabasamu peke yake, na nanasi la Kiwangwa amelipakata kama mtoto.

Sasa simu ikaanza kulia, kengele ya kumwamsha kwa sala. Kwa mzaha tu, Zuwena akaiweka kwenye sikio la kushoto, la kulia akaliziba kwa kidole. Ikalia vizuri. Ikawa nyembamba kama uzi. Ikakata.

Akangoja. Kimya. Imejizima yenyewe, akajiambia, simu zenyewe hizi za Kichina. Lakini kiganja chake kilikuwa kinatetemeka kwa mtetemo wa simu, na ndani ya chandarua Adila alikuwa ameketi, uso ameukunja, mikono masikioni.

Zuwena akamuuliza kama imezima.

Mtoto akamsogelea, akamtoa kidole kwenye sikio la kulia, akasema, "Mama, bado inalia."