Mgongo wa Askari wa Bati

Mama Philomène alitandika kitambaa mezani, akapanga askari wake wa bati, kila mmoja mwembamba kama ukucha, urefu wa kidole. Marehemu mume wake Florent ndiye aliyewamimina zamani, alipokuwa fundi kule Manono, katika kalibu ya jiwe aliyoichonga mwenyewe. Kuwapaka rangi alimwachia mke. Sasa binti yao Bertille anaolewa, na babu wa bwana harusi, Papa Adalbert, amesema hataki zawadi ingine: vita ya Tabora, aliyopigana ujanani upande wa Wabeleji dhidi ya Wajerumani, isimame mbele ya wageni.

Shida, bati ilikuwa imekwisha. Askari walitosha jeshi moja tu. Philomène akafikiri, halafu kila mmoja akampaka mbele askari wa Mubeleji mwenye kofia nyekundu, na mgongoni askari wa Mujerumani mwenye kofia ya kaki na kitambaa cha kufunika shingo. Nusu yao akawageuza kwa upande wa Mujerumani, wawatazame wenzao. Vita ikapatikana.

Baba yake, mzee Omer, alichukua mmoja, akamsogeza dirishani.

"Kitambaa hiki kilikuwa kirefu zaidi. Kilifika mabegani."

"Ulikiona wapi, Baba?"

Mzee alimshusha askari. "Kwa shingo yangu."

Philomène aliweka burashi chini. Maisha yake yote alijua baba yake alivuka ziwa kutoka Ujiji akibeba mizigo ya wachuuzi.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Hapa kila muntu anapigia makofi medali ya Adalbert. Miye ningesema nini? Ndugu yake aliuawa Tabora, mwanangu. Akijua, huyu mutoto wetu ataolewa kweli?"

"Basi nyamaza. Umenyamaza mpaka umezeeka, siku moja tu itakushinda?"

Lakini aliposhika burashi tena, alirefusha vile vitambaa vyote mpaka mabegani. Mkono ulikataa kudanganya.

Siku ya harusi Papa Adalbert aliingia na koti la abakosi lililofungwa vifungo mpaka shingoni, medali kifuani. Alipoona meza alipiga makofi kama mutoto.

"Hawa kofia nyekundu njo siye! Tazameni tunavyotembea!" Akamchukua mmoja, akamgeuza. "Ee, Mama Philo! Huyu umemuharibu. Mbele ni wangu, nyuma ni adui."

"Bati ilikwisha, Papa."

"Na kitambaa hiki? Kilikuwa hivi kabisa. Nani alikuonyesha?"

Philomène alifungua mdomo atafute uongo. Nyuma yake fimbo ikagonga sakafu. Omer alikuwa amesimama.

"Ni miye, mukwe. Nilikivaa. Nilikuwa upande ule."

Wamama waliobeba masufuria walisimama mlangoni. Bertille alishika mkono wa mume wake, akaubana.

"Ndugu yangu Mwamba alikufia pale," Adalbert alisema polepole.

"Najua. Kila ukikunywa unamutaja. Nakusikiliza, najiuliza kama ni mukono wangu. Sijui, mukwe. Mpaka leo sijui."

Adalbert alimgeuza yule askari kiganjani. Mbele. Nyuma. Tena mbele.

"Mulikuwa munakula nini kule?"

"Mihogo mibichi. Ikikosa, ngozi ya mukoba."

"Siye ngozi tulichemsha."

"Kumbe mulikuwa na chungu! Mulikuwa matajiri."

Mama mmoja mlangoni alicheka bila kutaka, akaziba mdomo. Adalbert hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alivuta kiti, akakiweka karibu na chake, akakipiga mara moja kwa kiganja.

"Kaa, mukwe. Ya Mwamba tutayaongea siye wawili, na hayataisha leo. Watoto hawakuwa Tabora. Wapewe chakula."

Omer alikaa. Philomène akamshika bega.

Adalbert hakumrudisha yule askari mezani. Alimtia katika mfuko wa abakosi, chini ya medali, kichwa kikichungulia. Philomène alitazama kofia iliyobaki nje: ilikuwa ya kaki, ya baba yake. Akaenda jikoni kupakua chakula.